Mvumo kwenye Maiki ya Kifuani: Chomoa Chaja Kabla ya Kubadilisha Masafa

Swali: Ninarekodi mahojiano ya video na wazee wa mji wetu hapa Morogoro kuhusu historia ya eneo hili. Natumia maiki mbili ndogo za kifuani zisizo na waya, za analojia, za masafa ya UHF (yale yanayotumiwa pia na televisheni). Risiva, yaani kipokezi cha sauti ya maiki, nimeifunga juu ya kamera na inapata umeme kwa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta mpakato. Kamera inatumia adapta ya ukutani, na kebo ya HDMI inatoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta hiyo hiyo kwa ajili ya kurusha mubashara. Nyumbani kwa wazee nasikia mvumo mzito usiokoma, ambao hupungua nikishika mwili wa kamera. Mara nyingine huingia mlio wa trr-trr-trr. Tukiwa kwenye ukumbi wa kanisa, husikika “shhh” ya ghafla na sauti hukatika, hata kama mzungumzaji yuko hatua chache tu kutoka kwangu. Nimebadilisha masafa mara nyingi bila mafanikio. Nikanunua seti nyingine ya mtumba iliyotoka Marekani, na mambo ni yale yale. Je, tatizo ni maiki, ni kamera, au ni minara ya simu iliyo jirani?

Jibu: Ndugu msomaji, unayo matatizo matatu yaliyokutana kwenye kamera moja, na kila moja limeingia kwa njia yake. Mvumo mzito umeingia kupitia adapta na kebo zinazounganisha vifaa vyako, baada ya redio kumaliza kazi yake. Mlio wa trr-trr-trr unatoka kwenye simu iliyo karibu na waya wa maiki au karibu na kamera, mnara hauhusiki. Ile “shhh” inayoambatana na kukatika kwa sauti ndiyo pekee inayohusu mawimbi ya redio. Kubadilisha masafa ni tiba ya tatizo hili la tatu peke yake, na ndiyo maana umebadilisha mara nyingi na mvumo ukabaki pale pale. Seti ya mtumba nayo haikuweza kuuondoa, kwa kuwa umeiunganisha na adapta zile zile, kompyuta ile ile na kebo zile zile.

Inafaa nieleze kwa nini nasema hivyo bila kuviona vifaa vyako. Katika mfumo wa analojia, transmita (kifaa kinachorusha sauti ya maiki) iliyo kiunoni mwa mzee huipandisha sauti yake kwenye wimbi la redio kwa kuyayumbisha masafa ya wimbi hilo kidogo kidogo, na risiva huyasoma mayumbo hayo na kuyarudisha kuwa sauti. Wimbi jingine likiingia kwenye masafa hayo hayo, utasikia mkwaruzo, mluzi, sauti ya mtu mwingine au ukimya wa ghafla. Umeme wa ukutani hapa kwetu una masafa ya hezi 50, na maiki ya UHF inayofanya kazi kwenye megahezi 520 iko juu yake kwa takriban mara milioni kumi, kwa hiyo mvumo wa ukutani hauna njia ya kuingia kwenye antena ya risiva na kujifanya ni maiki yako. Kwa wenye maiki za kidijitali za gigahezi 2.4 ushahidi ni wazi zaidi: data ikifika sauti huwa safi, isipofika sauti hukatika au hutoa vidoko. Anayesikia mvumo mzito na wa kudumu kwenye maiki ya namna hiyo aelekeze macho kwenye nyaya, asihangaike na mawimbi.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili siku usiyokuwa na mgeni wa kumhoji, ukiwa umevaa hedifoni zilizochomekwa kwenye kamera. Panga kila kitu kama unavyopanga siku ya kazi, washa mitambo yote, kisha zima sauti kwenye transmita kwa kitufe chake cha kunyamazisha bila kuizima transmita yenyewe. Mvumo ukiendelea, umethibitisha kwamba haukutoka kwenye maiki wala kwenye chumba. Sasa chomoa waya wa USB unaolisha risiva na uiache ifanye kazi kwa betri yake. Sikiliza. Halafu chomoa adapta ya kamera na utumie betri. Sikiliza tena. Halafu chomoa kebo ya HDMI, na mwisho adapta ya kompyuta. Ondoa kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kilichobadilika, maana ukichomoa viwili kwa pamoja mvumo ukaisha, hutajua ni kipi kati ya hivyo kilichokuwa mkosaji. Naamini mvumo wako utapungua sana, au utaisha kabisa, kwenye hatua ya kwanza au ya pili.

Dalili ya kupungua kwa mvumo ukishika kamera ndiyo iliyonipa imani hiyo. Adapta nyingi za kamera, na chaja nyingi za kompyuta zenye pini mbili, huwa na kapasita ndogo ndani yake inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo. Imewekwa makusudi ili kutuliza kelele ambazo adapta yenyewe huzitengeneza, na ni salama ikiwa adapta imetengenezwa vizuri. Hata hivyo, kapasita hiyo huruhusu mkondo mdogo sana wa umeme kuvuja, na kwa kuwa kifaa hakijaunganishwa na ardhi, mwili wake hubaki ukielea kwenye volti zinazoweza kufika karibu nusu ya volti 230 za ukutani. Ni ule mtekenyo unaousikia ukigusa kompyuta yenye bodi ya chuma huku ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Ukishika kamera, mwili wako unakuwa njia mbadala ya mkondo huo kwenda ardhini, na sehemu iliyokuwa ikipita kwenye waya wa sauti inapungua.

Sasa tazama jinsi ulivyounganisha vifaa vyako. Kamera imeungana na kompyuta kwa HDMI, kompyuta imeungana na risiva kwa USB, na risiva imerudi kwenye kamera kwa waya wa sauti. Umetengeneza duara kamili, na ndani ya duara hilo mkondo unaovuja kutoka kwenye adapta zote mbili unagawanyika na kupita popote penye shaba, ukiwemo waya wa sauti. Waya wa sauti wenye plagi ya milimita 3.5 una udhaifu mmoja mkubwa: wavu wa shaba unaouzunguka, ambao kazi yake ni kuzuia kelele, ndio huo huo unaotumika kama njia ya kurudi kwa sauti. Volti yoyote inayojitokeza kwenye wavu huo, kamera huisoma kuwa ni sehemu ya sauti.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukulia kwamba mkondo unaopita kwenye wavu ni moja ya tano ya miliampea, na kwamba wavu pamoja na plagi zake una ukinzani wa nusu omu. Zidisha, utapata moja ya kumi ya milivolti. Ni kiasi kidogo, lakini sauti ya mazungumzo inayoingia kwenye tundu la maiki la kamera nayo ni ndogo. Tuseme ni milivolti tano. Mvumo uko chini ya sauti kwa mara hamsini tu, yaani takriban desibeli 34, na kila mzee anapotua kuvuta pumzi utausikia wazi.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha tiba ya kwanza, ambayo haikugharimu hata shilingi. Kelele inaongezeka kwenye waya ulio kati ya risiva na kamera, na ukubwa wake hautegemei ukubwa wa sauti. Basi ukiongeza sauti inayotoka kwenye risiva mara kumi, na kupunguza gaini ya kamera (kiasi inachoikuza sauti) kwa kiasi hicho hicho, sauti ya mzee itabaki ilivyokuwa kwenye rekodi ilhali mvumo utashuka kwa desibeli 20. Watu wengi hufanya kinyume: huacha risiva ikitoa sauti ya chini kabisa kwa kuogopa kupasua sauti, kisha huilazimisha kamera kuikuza, na kamera hukuza kila kitu, pamoja na kelele za saketi zake yenyewe. Pandisha sauti ya risiva hadi pale ambapo mtu akicheka kwa nguvu mshale wa kipimo cha sauti cha kamera haugusi mwisho, halafu shusha kidogo. Zima pia urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki kwenye kamera. Huo huongeza gaini kila mzungumzaji anaponyamaza, na mvumo uliokuwa umejificha chini ya maneno huinuka mbele ya msikilizaji.

Tiba ya pili ni kulikata duara. Kamera itumie betri, risiva itumie betri yake, na kompyuta ibaki peke yake kwenye umeme wa ukutani. Risiva ikiwa haina waya mwingine zaidi ya ule unaoingia kwenye kamera, mkondo wa kompyuta hauna sababu ya kupita kwenye waya wa sauti, hata kama kebo ya HDMI imeunganishwa. Ikiwa betri ya risiva haidumu mahojiano yote, ilishe kwa benki ya umeme ya mfukoni, mradi benki hiyo yenyewe haijachomekwa kwenye chaja wakati huo. Nafahamu kwamba urushaji wa mubashara wa saa nyingi hauwezi kutegemea betri ya kamera pekee. Kwa kazi ya namna hiyo, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi (waya wa ardhi) nzima, na weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kati ya risiva na kamera. Transfoma hiyo hupitisha sauti kwa sumaku bila kuunganisha shaba na shaba, na huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya muziki na vya redio za magari ikiwa na plagi tayari. Zile za bei ya chini kabisa hupunguza besi, jambo ambalo kwa sauti ya mazungumzo si hasara kubwa. Usiilaze juu ya adapta, kwa maana itanasa sumaku ya adapta na kukurudishia mvumo uliokuwa unaukimbia.

Ukumbini, ambako huenda unachukua sauti kutoka kwenye miksa ya kanisa, tatizo hili huwa kubwa zaidi kwa sababu miksa iko kwenye soketi ya upande mmoja na kamera yako iko upande mwingine, na ethi za soketi hizo mbili huenda zisiwe na volti sawa. Hapo tumia kebo yenye plagi za XLR kutoka kwenye miksa, ambayo hubeba sauti kwenye nyaya mbili zilizo kinyume na kuacha wavu ufanye kazi ya kinga tu, kisha uweke transfoma mwishoni, kabla ya kamera.

Kuna jambo moja ambalo naomba nilisisitize, kwa sababu linahusu uhai. Baadhi ya mafundi, wakishagundua kwamba mvumo unapita kwenye ethi, hukata pini ya ethi ya plagi, au huchomeka plagi ya pini mbili kwa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu. Mvumo unaweza kuisha kweli. Lakini siku chaja ile ikipata hitilafu ya ndani, umeme wote wa ukutani utahamia kwenye mwili wa kamera, kwenye waya wa sauti, na kwenye mkono wa atakayeugusa. Kwenye maiki ya waya ukumbini, mtu anaigusa kwa mdomo. Duara likatwe upande wa sauti, kwa transfoma au kwa betri, na ethi iachwe kamili. Kama nyumba unayorekodia haina ethi, au ina soketi zinazotekenya, kazi yote ya siku hiyo ifanyike kwa betri.

Sikiliza pia rangi ya mvumo wenyewe. Ule ulio mzito na laini una hezi 50 zaidi. Ulio mkali, kama wa nyuki kwenye mzinga, una hezi 100, 150, 200 na kuendelea juu, na mara nyingi hutokana na swichi za kufifisha taa, taa za LED za bei nafuu, au inveta za sola ambazo hazitoi wimbi laini la umeme bali la ngazi ngazi. Mluzi mwembamba unaobadilika kila unapofungua faili au kusogeza dirisha kwenye kompyuta hutoka kwenye kompyuta yenyewe kupitia USB. Jenereta ndogo isiyofungwa ethi huweza kuleta yote hayo kwa pamoja. Kwa kila mojawapo, jaribio ni lile lile la kuondoa kitu kimoja kimoja na kusikiliza. Ikiwa taa ndiyo yenye makosa, iunganishe kwenye laini tofauti na ya kamera, au ihamishe, au hoji mchana karibu na dirisha.

Sasa nije kwenye mlio wa trr-trr-trr. Simu inayotumia mtandao wa 2G haitoi wimbi mfululizo. Inatuma kwa mafungu mafupi, takriban mafungu 217 kwa sekunde, na kwenye masafa ya megahezi 900 nguvu ya kila fungu inaweza kufika wati mbili. Waya wa maiki, ambao ni mwembamba na una urefu wa zaidi ya mita moja, hulinasa wimbi hilo kama antena. Ndani ya kichwa cha maiki kuna transista ndogo sana ya kukuza sauti, nayo hushindwa kulifuata wimbi lenyewe lakini hufuata kuwaka na kuzimika kwa mafungu yake, na huo ndio mlio unaousikia. Kwa kuwa umeingia kabla ya transmita, umekwisha kuwa sehemu ya sauti. Kubadilisha masafa ya redio hakutauondoa. Mlio huu hutokea zaidi maeneo ambako mtandao ni hafifu, kwa sababu simu iliyo mbali na mnara hupandisha nguvu zake hadi juu kabisa, na simu nyingi hushuka kwenye 2G wakati huo huo. Kwa hiyo mnara ulio jirani, ambao umeushuku, kwa kweli hupunguza shida hii badala ya kuiongeza.

Mzee unayemhoji huenda ana kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, mfukoni, sentimita chache kutoka kwenye transmita. Kukizima sauti hakusaidii, kwa maana simu iliyonyamazishwa bado inawasiliana na mnara kila mara. Mwombe kwa adabu akizime kabisa au akipe mtu wa nyumbani akishike chumba kingine, na umweleze sababu. Mzee akielezwa kwamba simu yake inaharibu sauti yake mwenyewe hatakataa. Simu yako unayotumia kama chanzo cha intaneti ya kurushia mubashara nayo isikae juu ya kamera wala kando ya risiva. Iweke mita mbili au tatu mbali. Kama bado mlio unapenya, zungusha waya wa maiki mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na plagi ya transmita. Pete hiyo huyazuia mawimbi ya redio yasitembee juu ya waya bila kuigusa sauti. Fanya hivyo tu ikiwa transmita yako ina antena yake ya pembeni, kwa sababu katika baadhi ya transmita waya wa maiki ndio antena, na ukiubana utapunguza umbali wa mawasiliano.

Linabaki tatizo la ukumbini, ambalo ndilo la redio hasa. Hapa masafa yana maana, na hapa seti ya mtumba kutoka Marekani inahitaji kuchunguzwa. Soma kibandiko kilicho nyuma ya risiva au ndani ya mlango wa betri, utakuta masafa yake yameandikwa. Marekani ilipiga marufuku maiki za masafa ya megahezi 698 hadi 806 kuanzia tarehe 12 Juni 2010, na sehemu kubwa ya masafa ya 600 kuanzia tarehe 13 Julai 2020, kwa sababu masafa hayo yalihamishiwa kwenye mitandao ya simu. Seti ya aina hiyo isiyoruhusiwa tena kwao ina kila sababu ya kuuzwa kama mtumba. Kwetu, katika ukanda wa kwanza wa ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) unaojumuisha Afrika na Ulaya, televisheni ya kidijitali inatumia megahezi 470 hadi 694, na masafa kuanzia 694 hadi 790 yalifunguliwa kwa simu kufuatia mikutano ya dunia ya mawasiliano ya redio ya mwaka 2012 na 2015. Seti inayofanya kazi juu ya 694 iache. Huenda isiwe na utulivu, na inaweza kuvuruga mawasiliano ya wengine. Kwa masafa yanayoruhusiwa kisheria iulize mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na wasomaji walio Kenya na Uganda waziulize mamlaka za kwao, CA na UCC.

Angalia pia namba za chaneli, kwa sababu hizo ndizo zinazopoteza watu. Chaneli ya televisheni ya Marekani ina upana wa megahezi 6, ya kwetu ina 8, kwa hiyo namba hazilingani. Chaneli ya 36 ya Marekani ni megahezi 602 hadi 608. Ya kwetu ni 590 hadi 598. Ukifuata orodha ya chaneli iliyo kwenye kitabu cha seti hiyo, unaweza kuikimbia televisheni na kuiangukia pale pale. Fikiria kwa megahezi, usifikirie kwa namba ya chaneli.

Kujua televisheni iko wapi katika mji wako ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Chukua king'amuzi cha antena ya kawaida, si cha dishi, kiache kitafute chaneli, kisha fungua ukurasa wa taarifa za mawimbi. Kila kundi la chaneli litaonyesha masafa yake ya kati. Kikiandika megahezi 506, basi elewa kwamba kuanzia 502 hadi 510 pamejaa. Televisheni ya kidijitali huujaza upana wote wa megahezi nane kwa usawa, na kwenye risiva ya maiki husikika kama “shhh” tupu, kwa hiyo kusogea megahezi moja au mbili ndani ya eneo hilo hakuleti nafuu. Huenda hilo ndilo ulilokuwa ukilifanya. Ruka eneo zima la megahezi nane uende mahali ambapo king'amuzi hakikuonyesha kitu. Kama risiva yako ina uwezo wa kujitafutia masafa matupu, uutumie ukiwa ukumbini penyewe, transmita zako zikiwa zimezimwa, na mitambo ya kanisa, skrini za LED na maiki za kwaya zikiwa zimewashwa. Skrini kubwa za LED hutoa kelele pana sana kwenye UHF, na kuchunguza masafa kabla hazijawashwa hakukuambii chochote.

Maiki zako mbili, pamoja na zile za kanisa, zinaweza pia kuvurugana zenyewe. Transmita zikikaribiana, mawimbi yake huchanganyika na kuzaa mawimbi mapya kwenye masafa mengine. La kwanza likiwa 520.0 na la pili 520.4, yatazaliwa mawimbi kwenye 519.6 na 520.8. Mtu akiweka maiki ya tatu kwenye 520.8 kwa kufuata mpangilio unaopendeza macho, amelipatia wimbi hilo la bandia mahali pa kukaa. Nafasi kati ya maiki zisiwe sawa. Iweke ya tatu kwenye 521.1, kwa mfano, au tumia makundi yaliyopangwa tayari na mtengenezaji, na maiki zote za seti moja zitoke kwenye kundi moja.

Kuhusu kukatika kwa sauti mzungumzaji akiwa karibu, tazama kwanza njia ya wimbi. Mwili wa binadamu una maji mengi na huzuia mawimbi. Transmita ikiwa nyuma ya kiuno na kamera iko mbele, wimbi linalazimika kumzunguka mtu mzima. Ihamishie upande unaoelekea kamera, antena yake ikiwa imenyooka na haigusi ngozi. Kwenye megahezi 520 robo ya wimbi ni kama sentimita 14, na antena iliyokunjwa mfukoni haifanyi kazi ya urefu huo. Kumbi zenye paa la bati na nguzo za chuma hurudisha mawimbi kutoka kila upande. Wimbi lililorudishwa likikutana na lile la moja kwa moja yakiwa kinyume, huuana mahali hapo, ilhali hatua moja pembeni sauti ni safi. Kusogeza kamera kidogo mara nyingi hutosha, na risiva yenye antena mbili huchagua yenyewe antena iliyo na wimbi zuri. Usije ukaweka transmita chini ya mita mbili au tatu kutoka kwenye risiva, kwani risiva nayo huzidiwa. Kama risiva ina marekebisho ya kunyamazisha masafa matupu, yapandishe kidogo ili wimbi likipotea usikie ukimya badala ya “shhh”, ukijua kwamba ukiyapandisha mno unapunguza umbali wa kazi. Na betri ziwe mpya.

Kama siku moja utahamia kwenye maiki za gigahezi 2.4, ujue kwamba masafa hayo yanatumiwa pia na Wi-Fi, Bluetooth na oveni za maikrowevu, na kwamba diski ya nje ya USB 3.0 iliyo kando ya risiva hutoa kelele karibu na hapo hapo. Simu ya kurushia mubashara uipangie gigahezi 5.

Mkwaruzo unaosikika mzee akigeuza shingo ni nguo, si umeme. Mpasuko unaosikika ukipinda waya karibu na plagi ni waya uliokatika ndani, na dawa yake ni kuuchomelea upya au kuubadilisha. Hakikisha pia kwamba plagi yenye mistari mitatu ya plastiki, ya maiki zilizotengenezwa kwa ajili ya simu, hukuichomeka kwenye transmita inayohitaji plagi ya mistari miwili. Huko huleta kelele ambayo hakuna jaribio la hapo juu litakaloieleza.

Hukuuliza kuhusu mahojiano uliyokwisha kurekodi, lakini wazee hao huenda usiwapate tena kwa simulizi ile ile. Mvumo wa hezi 50 na nyongeza zake za 100, 150 na 200 hupungua vizuri kwa vichujio vyembamba vinavyokata masafa hayo peke yake. Anza na vinne, usizidishe, maana sauti nzito ya mwanamume iko humo humo na itabaki kama imetoka kwenye mtungi. Mlio wa simu ni mgumu kuutoa kwa sababu umesambaa kwenye masafa mengi ya usemi, na kwa kawaida ni afadhali kuuacha pale ambapo neno bado linaeleweka. Sehemu zilizokatika na redio hazirudishiki. Ziandikie maneno kwenye skrini kama unayakumbuka au kama mzee anaweza kukuthibitishia. Fanya kazi hiyo yote kwenye nakala, na faili la awali liweke kwenye diski mbili tofauti bila kuligusa, kwa sababu programu za kusafisha sauti zinazidi kuwa bora na huenda baada ya miaka michache zikatoa kile ambacho leo hakitoki.